Paloma Kabla ya Njiwa: Nyimbo za Ng'ambo na Ujifunzaji wa Lugha katika Mji wa Morogoro

Ikisiri

Walimu wa lugha huwaomba wanafunzi wao walete darasani nyimbo wanazozipenda kutoka pande mbalimbali za dunia, na mara nyingi mbinu hiyo huelezwa kuwa zao la nadharia za ufundishaji zilizoingia nchini siku za karibuni. Makala hii inaonesha kwamba mjini Morogoro kazi ya kusikiliza wimbo wa lugha ngeni, kuuiga, na hatimaye kuutungia maneno ya Kiswahili ilikwisha kufanywa nje ya darasa tangu katikati ya karne ya 20. Inadaiwa kwamba wepesi wa nyimbo za Kuba kupokelewa ulitokana, kwa sehemu kubwa kuliko inavyokiriwa, na ukaribu wa kifonolojia na wa kimizani kati ya Kihispania na Kiswahili. Dai hilo linaugusa mjadala wa zamani kuhusu kilicho cha mapokeo na kilicho cha kigeni katika ushairi wa Kiswahili.

Utangulizi

Mwembesongo ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Morogoro, mji uliolala chini ya milima ya Uluguru. Jina lake ni la ukoo mmoja na majina kama Mwembechai na Mwembe Yanga jijini Dar es Salaam, Mwembetanga kisiwani Unguja na Mwembe Tayari mjini Mombasa: majina ya mahali ambapo mti ulikuwa alama, kivuli na, bila shaka, baraza. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha leo katika kata kama hii hana haja ya kuwahimiza vijana wasikilize nyimbo za ng'ambo. Wanazo tayari katika simu zao: za Nigeria, za Afrika Kusini, za Kongo, za Marekani, hata za Korea. Wengi huziimba kwa ukamilifu bila kuielewa lugha yake, na mwalimu mwenye haraka huhukumu kwamba huo si ujuzi wa lugha bali ni kasuku.

Hukumu hiyo inastahili kuchunguzwa, kwa sababu historia ya mji wenyewe inaipinga. Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Mashamba ya mkonge yaliyouzunguka mji yaliwavuta vibarua kutoka sehemu nyingi za nchi na hata nje yake. Milimani walizungumza Kiluguru. Bondeni, penye stesheni, soko na mashamba, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu ambao hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Katika mji wa namna hiyo, wimbo wa lugha isiyojulikana haukuwa jambo la ajabu. Kila mmoja alikuwa amezoea kusikia mtaani mwake lugha ambayo hakuielewa.

Waliotangulia: zaburi na kasida

Kabla ya santuri, wimbo wa kigeni uliingia Morogoro kwa njia ya ibada. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wameanza kazi Bagamoyo mwaka 1868, walifungua kituo Morogoro mwaka 1882. Kilatini cha misa kiliimbwa na waumini ambao hawakukisoma popote, na hali hiyo iliendelea hadi mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika miaka ya 1960. Kwa upande wa Waislamu, kasida na maulidi ya Barzanji viliimbwa kwa Kiarabu na watoto wa madrasa waliojua kukisoma kuliko kukisema. Ikumbukwe kwamba pwani ilikuwa imekwisha kuonesha njia: Sayyid Abu Bakr bin Mansab (1829–1922) aliyageuza maulidi hayo kuwa tungo za Kiswahili, na hivyo kuthibitisha kwamba kuimba kwa lugha isiyoeleweka kunaweza kuwa hatua ya kwanza ya tafsiri, wala si mwisho wa safari.

Tenzi za Kikristo zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza zilikutana na tatizo ambalo kila mwanakwaya analijua hata kama hana istilahi ya kulieleza. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo nyingi za Ulaya Kaskazini, kinyume chake, zina mistari inayomalizikia kwenye silabi yenye mkazo, kwa sababu lugha hizo zina maneno tele ya silabi moja. Mfasiri anapoweka neno la Kiswahili mwishoni mwa mstari kama huo, pigo zito la muziki linaangukia silabi ambayo msemaji huitamka kwa wepesi. Basi *Bwana* linakuwa *bwaNA*, na *mbingu* linakuwa *mbiNGU*. Waumini wamelizoea jambo hili kiasi kwamba hawalisikii tena. Hata hivyo, lilimshughulisha kila aliyeutazama muziki wa kanisa kwa jicho la mwanamuziki Mwafrika, na si bure kwamba Padre Stephen Mbunga alitoa mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu.

Kwa hiyo hadi miaka ya 1930 mkazi wa Morogoro alikuwa na uzoefu wa aina mbili za wimbo wa ng'ambo: ule unaoimbwa katika lugha yake ya asili bila kueleweka, na ule uliotafsiriwa ukaeleweka lakini ukaupinda ulimi. Santuri za Kuba zilileta aina ya tatu.

La Paloma

Mwaka 1933 kampuni ya HMV ilianza kutoa, kwa ajili ya soko la Afrika, mfululizo wa santuri uliotambulishwa kwa herufi GV. Ulikuwa na muziki wa Amerika ya Kilatini, hasa wa Kuba, uliokuwa umerekodiwa miaka iliyotangulia. Miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa ulikuwamo wimbo “El Manisero” wa Moisés Simons, kama ulivyorekodiwa na okestra ya Don Azpiazú mjini New York mwaka 1930. Santuri hizo zilisambaa kutoka Dakar hadi Léopoldville hadi Mombasa. Historia ya athari zake huko Kongo na Senegali imeandikwa kwa wingi. Ya Morogoro imeandikwa kidogo, na hasa na wanamuziki na wakusanyaji wa santuri, si na wanaisimu.

Salum Abdallah Yazidu alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Simulizi zinazofuatana na santuri zake zinasema kwamba alizipenda nyimbo za Kuba kiasi cha kutoroka nyumbani akiwa kijana kwa nia ya kusafiri hadi Kuba kwenyewe, akakwamia Mombasa. Simulizi ya namna hii hukua kila inaposimuliwa, na haina budi kupokewa kwa tahadhari. Lisilo na shaka ni kwamba mwaka 1948 alianzisha bendi iliyoitwa La Paloma, jina la wimbo wa Sebastián Iradier wa karne ya 19 uliozunguka dunia nzima, na kwamba baadaye bendi hiyo ikajulikana kama Cuban Marimba Band. Ilirekodi kwa nembo ya Mzuri ya Mombasa, ikasikika redioni, na ikawa miongoni mwa bendi mashuhuri Tanganyika hadi kifo cha kiongozi wake katika ajali ya gari mwaka 1965. Juma Kilaza ndiye aliyeiongoza baada yake.

Jina hilo la pili linastahili kutuliwa kidogo. *Marimba* si neno la Kihispania kwa asili. Ni neno la Kibantu, lenye kiambishi cha wingi *ma-*, lililovuka Atlantiki pamoja na watu waliouzwa utumwani, likakaa Amerika kwa karne kadhaa, kisha likarudi Morogoro likiwa ubavuni mwa neno *Cuban* kama kwamba ni mgeni. Magharibi tu ya Morogoro, Wagogo walikuwa na ilimba yao wakati wote huo. (Wapo wanaolihusisha *marimba* na kitenzi *kuimba*. Mfanano huo unavutia, lakini mizizi ya maneno haya katika Bantu ni miwili tofauti, na hauna zaidi ya sauti.) Bendi ya vijana wa Kiswahili iliyojipa jina la Kuba ilikuwa, bila kukusudia, inaliita neno la nyumbani kwa lafudhi ya ng'ambo.

Kwa nini Kihispania?

Swali ambalo waandishi wa historia ya muziki hulijibu kwa mapigo ya ngoma ni hili: kwa nini muziki wa Kuba, na si wa Uingereza iliyokuwa ikitawala, ndio uliokubalika kwa urahisi hivyo? Jibu la kawaida ni kwamba midundo ya Kuba ilikuwa ya Kiafrika kwa asili, ikatambuliwa na wenyewe iliporejea. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya jibu. Santuri ina mapigo na ina sauti ya mtu anayetamka maneno, na mwimbaji anayejifunza kwa sikio hujifunza vyote viwili kwa pamoja.

Kihispania kina irabu tano, *a, e, i, o, u*, zile zile za Kiswahili, na hakizipunguzi zinapokosa mkazo kama Kiingereza kinavyofanya. Silabi zake nyingi ni wazi. Maneno yake mengi yana mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho: *paloma, Habana, manisero*. Mtu wa Mwembesongo aliyeyasikia maneno haya kwa mara ya kwanza hakulazimika kufanya lolote kwa ulimi wake. *Pa-lo-ma* lingeweza kuwa jina la kijiji cha Uluguru. Maneno kama *amor* na *corazón*, yanayomalizikia kwa konsonanti na kubeba mkazo mwishoni, ndiyo yaliyokuwa na ugumu, lakini hayo katika lugha hiyo si wengi.

Ushahidi wa ukaribu huu haukuanza na gramafoni. Kireno, ndugu wa karibu wa Kihispania, kiliacha katika Kiswahili maneno kama *meza, bendera, kasha, leso* na *karata*. *Mesa* limeingia karibu bila kuguswa. *Carta* lilihitaji irabu moja tu ya kupachikwa katikati ya konsonanti mbili. Kijerumani *Schule* kimepita vizuri pia, lakini ni kwa sababu kilikuwa tayari na umbo linalofaa. Maneno ya Kiingereza yenye mafungu ya konsonanti yamelazimika kuvunjwa na kujengwa upya. Mwanafonolojia anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake muundo wa silabi ya Kiswahili hana mfano bora kuliko kuwasikilizisha wimbo wa Kihispania na wa Kiingereza, kisha kuwataka waandike walichosikia kwa tahajia ya Kiswahili. Ule wa kwanza utaandikika. Wa pili utawagombanisha.

Mizani nane

Ukaribu huo unaingia hadi katika mizani, na hapa hoja inagusa jambo zito zaidi. Mstari wa kawaida kabisa katika ushairi wa umma wa Kihispania ni wa silabi nane. Décima ya wakulima wa Kuba ina mistari 10 ya silabi nane. *Versos sencillos* ya José Martí, ya mwaka 1891, ambayo beti zake zilikuja kuimbwa katika “Guantanamera”, imefuata mizani hiyo hiyo. Kiswahili nacho kina kipande cha mizani nane katika utenzi wa kawaida, na mshororo wa shairi la mizani 16 ni ukwapi wa nane na utao wa nane.

Mfanano huo ungeweza kupuuzwa kama sadfa ya hesabu, lau si kanuni moja ya Kihispania. Katika lugha hiyo mstari unaomalizikia kwa neno lenye mkazo wa mwisho huongezewa silabi moja katika kuhesabu, na unaomalizikia kwa neno lenye mkazo wa tatu kutoka mwisho hupunguziwa moja. Maana yake ni kwamba kipimo cha Kihispania kimejengwa juu ya dhana kuwa mstari wa kawaida huisha kwa mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, na mistari mingine yote ni upotofu unaorekebishwa. Katika Kiswahili hali hiyo si kipimo. Ndiyo lugha yenyewe. Mtunzi aliyepokea lahani iliyoshonwa kwa ajili ya mstari wa Kihispania alipokea vazi ambalo mkono wake ulikuwa umekwisha kupimwa. Zipo tofauti, kwa kweli: Kihispania huziunganisha irabu mbili zinazokutana katika maneno jirani na kuzihesabu moja, ilhali Kiswahili huzihesabu mbili, tena kina *m* ya silabi ambayo Kihispania hakina. Wala haidaiwi hapa kwamba tungo za Salum Abdallah ni mashairi ya mizani nane. Kinachodaiwa ni kwamba lahani alizoziiga hazikumlazimisha kuuvunja mkazo wa Kiswahili, kama zaburi zilivyowalazimisha wenzake.

Mwaka 1954, bendi ya Morogoro ikiwa katika ujana wake, Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, akisisitiza vina, mizani na kuimbika. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi*, na mgogoro maarufu wa ushairi ukawaka. Wanamapokeo walisema utungo usioimbika ni wa kigeni. Wanamabadiliko walijibu kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi wa Kiafrika. Katika majibizano yote hayo, jukwaa la dansi halikuitwa shahidi. Na lilikuwa shahidi wa ajabu: tungo zisizojali sana vina, zilizovaa lahani kutoka ng'ambo, zilizoimbwa na watu wengi kuliko waliowahi kufungua diwani yoyote. Kama kigezo ni kuimbika, zilikifikia. Kama kosa ni ugeni, zilikuwa nalo. Pande zote mbili zingepata taabu nazo, na huenda ndiyo sababu hazikutajwa.

Ugeni wenyewe, kwa hakika, ulipimwa kwa mizani isiyo sawa. Novemba 1969 mamlaka za Mkoa wa Pwani zilipiga marufuku muziki wa *soul* Dar es Salaam kwa hoja za utamaduni wa taifa. Hakuna aliyependekeza kuifuta rumba. Miongo mitatu ilikuwa imetosha kuifanya mali ya nyumbani.

Nyimbo zilizotoka na zilizopita

Mahasimu wa Cuban Marimba mjini walikuwa Morogoro Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1944, ambayo katika miaka ya 1960 ilimpata Mbaraka Mwinshehe. Mwaka 1970 bendi hiyo iliiwakilisha Tanzania katika maonesho ya Expo 70 mjini Osaka, Japani. Hapo mkondo uligeuka: sasa Kiswahili cha Morogoro ndicho kilichokuwa wimbo wa ng'ambo masikioni mwa wengine. Mwinshehe aliiacha bendi mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979.

Wageni wanaojifunza Kiswahili, wakiwamo wale waliopita katika kozi zinazoendeshwa kwa miaka mingi kwenye seminari ya Kilutheri mjini humo, mara nyingi huwa na wimbo mmoja mikononi wanapofika. Huwa ni “Malaika”, uliorekodiwa na Fadhili William na kusambazwa duniani na Miriam Makeba na Harry Belafonte, ambao umiliki wake ungali unabishaniwa. Au ni “Jambo Bwana” wa Them Mushrooms, wa mwaka 1982. Wa kwanza ni hazina kwa mwalimu, kwani una kiambishi cha masharti *-nge-* mahali ambapo mwanafunzi hawezi kukisahau. Wa pili umewaachia walimu kazi ya kueleza, mwaka baada ya mwaka, kwamba Waswahili wenyewe husalimiana kwa *hujambo* na *sijambo*, na kwamba *jambo* lililokatwa kiambishi chake cha ukanushi ni salamu ya hotelini.

Tukio lenye mafunzo zaidi lilikuwa Mazimbu. Baada ya mkutano wa ANC uliofanyika Morogoro mwaka 1969, chama hicho kilipewa shamba la zamani la mkonge, na kuanzia 1978 hadi 1992 kikaendesha hapo Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu. Vijana wa Afrika Kusini waliimba wimbo wa Enoch Sontonga wa mwaka 1897 kwa Kixhosa. Wanafunzi wa shule za jirani waliimba lahani hiyo hiyo kila asubuhi kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo wimbo wa taifa tangu 9 Desemba 1961. Kixhosa ni lugha ya toni, na lahani ya Sontonga, iliyotungwa kwa mtindo wa zaburi za kimisheni, haikuifuata toni hiyo kwa uaminifu. Kiswahili, kisicho na toni ya kileksika, hakikupoteza chochote katika kuipokea. Lugha zote mbili hurefusha au kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ni nadra kupata jaribio la isimu linganishi lililofanywa na watoto wengi hivyo, umbali wa kilomita chache, bila mtafiti hata mmoja.

Wimbo upi uingie darasani?

Mulokozi, katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliuweka wimbo chini ya ushairi na kuugawa katika tanzu kama wawe, kimai na nyiso. Vitabu vya shule vimeurudia mgawanyo huo kwa uaminifu mkubwa kuliko ufahamu, hivi kwamba mwanafunzi wa Morogoro anaweza kufafanua kimai, wimbo wa mabaharia, bila kuwahi kuambiwa kwamba babu yake alicheza tungo zilizotungwa mitaa michache kutoka shuleni kwake. Anapoombwa alete wimbo wa ng'ambo, ataleta wa Lagos. Anapoombwa alete wa nyumbani, ataleta wa Bongo Fleva, pengine wa Afande Sele ikiwa mwalimu ana bahati. Katikati kuna nusu karne isiyo na mwakilishi.

Upungufu huo hauponywi kwa kumlaumu kijana. Matini hazipo mkononi. Nyimbo za Cuban Marimba na Morogoro Jazz zimebaki katika santuri, katika kanda za iliyokuwa Radio Tanzania na katika vichwa vya wazee. Diwani iliyohaririwa kwa viwango vya kitaaluma, yenye maelezo ya msamiati na tarehe za kurekodiwa, ingali kazi ya kufanywa. Atakayeifanya atakutana na uamuzi mmoja ambao si wa tahajia peke yake. Katika rekodi za dansi za miaka hiyo mwimbaji hupachika vilio na vipande vyenye mlio wa Kihispania katikati ya Kiswahili. Mhariri akiviandika kwa tahajia ya Kihispania, atakuwa amemrudishia mwimbaji maana ambayo huenda hakuikusudia, na kufuta ushahidi wa alichokisikia. Akiviacha kwa kuvihesabu kuwa ni kelele, atakuwa ameitupa sehemu ile ile ambamo ujifunzaji wa lugha unaonekana ukitendeka. Hana budi kuviandika kwanza kwa tahajia ya Kiswahili, silabi kwa silabi kama zilivyotamkwa, na kukiweka Kihispania kinachodhaniwa pembeni, pamoja na alama ya kuuliza.